Jiwe Kwenye Kiti cha Trekta

Ijumaa ile Kendra, dereva wa kliniki, alipomrudisha Delmar Stroud kutoka kusafishwa damu, hakuondoka mara moja kama siku zote. Alimwegemeza kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni, akamfunika miguu, kisha akamfanyia Velda, mke wa mzee, ishara watoke barazani.

"Bibi Velda, leo asubuhi bosi amelala chini ya gari na tochi," alisema. "Bomba la moshi limeng'oka. Ni hii barabara yenu."

"Ni mvua ya Februari," Velda alisema.

"Najua. Mimi ningepanda tu. Lakini kaniandikia karatasi. Kuanzia Jumatatu nasimama kule chini kwenye sanduku la barua mpaka barabara irekebishwe. Nisamehe, mama."

"Kendra, mtu huyu haendi hata chooni bila kushika ukuta."

"Ndiyo maana nimekuita huku nje."

Ndani, Delmar alikuwa amesikia yote. Masikio yalikuwa kitu pekee mwilini mwake kilichobaki kufanya kazi bila msaada. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alifungwa kwenye mashine mjini kwa muda wa saa nne nzima ili afanyiwe kazi ambayo figo zake zilikuwa zimeiacha. Daktari hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Ukikosa siku moja utaumwa, alimwambia. Ukikosa mbili, usipange mambo ya Jumapili.

Kutoka baraza ile hadi barabara ya kaunti ni theluthi moja ya maili, changarawe tupu. Inateremka kilima, inapinda penye mierezi, inavuka kalvati, bomba la kupitishia maji chini yake, ndipo inafika kwenye sanduku la barua. Watu wa vilima vya kusini mwa Missouri hawamsifii mtu nyumba yake wala ng'ombe wake. Wanasema, fulani ana barabara nzuri, na hapo wamemaliza. Barabara ya Delmar ilikuwa ikisifiwa miaka yote hiyo. Sasa ilikuwa na mashimo ya kumeza gurudumu, na makorongo mawili yaliyoshuka nayo sambamba.

Velda alipiga simu ofisi ya kaunti. Mwanamke wa huko alimjibu kwa upole, "Barabara yetu inaishia kwenye sanduku lenu la barua, mama. Kutoka hapo ni yenu na Mungu." Akampigia mtu mwenye malori ya kokoto. Huyo alisema labda baada ya wiki tatu, akataja bei iliyozidi pensheni ya mwezi, na Velda akamshukuru kana kwamba angeiwazia. Gari la mizigo waliliuza Novemba. Gari dogo lililobaki lilikuwa na tumbo la chini mno, na tangu Januari lilikuwa limeegeshwa bandani likikusanya mavi ya kuku.

"Basi mpigie Orrin," alimwambia mumewe.

Delmar aliangalia moto. "Orrin haji."

"Haji kwa sababu ulimlipa."

"Mtu akifanya kazi analipwa. Kosa liko wapi?"

"Unajua liko wapi, mzee. Usijifanye mgeni hapa."

Alijua. Kule jirani halipwi. Jirani akija na trekta kukulimia barabara, kuikwangua na kuisawazisha, unampikia pai ya matunda, au unamwachia akate nyasi za bondeni kwako, au hufanyi chochote mpaka siku ng'ombe wake wanapovunja ua, ukaenda. Kumpa pesa ni kumwambia tumemalizana, wewe ni mtu baki. Orrin Tackett alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya bonde kwa miaka ishirini na sita. Oktoba, Delmar alipoanza mashine, Orrin alikuja bila kuitwa, akalima barabara nzima. Aliposhuka kuzibua kalvati, Delmar alijikokota hadi kwenye trekta la mwenzake akaweka bahasha yenye dola sitini juu ya kiti, akaikandamiza na jiwe. Kesho yake bahasha ilikuwa kwenye sanduku la barua, haijafunguliwa. Orrin hakukanyaga tena.

"Sikutaka sadaka," Delmar alisema.

"Haikuwa sadaka. Alikuwa Orrin."

"Nilikuwa siwezi hata kushika koleo, Velda. Nimekaa kwenye kiti natazama mwanamume mwingine anaitengeneza barabara yangu. Ulitaka nimpe nini? Pai?"

"Ndiyo," Velda alisema. "Pai."

*

Jumapili, badala ya kwenda kanisani, Velda alivaa suruali ya mumewe akapanda trekta lao. Alijua kuliendesha, maana miaka yote alikuwa akilivuta gari la nyasi wanaume wakipakia. Lakini kulima barabara hakuwahi. Hiyo ilikuwa kazi ya Delmar, na Delmar hakupenda mtu aiguse.

Alimweka barazani na blanketi mbili na kofia ya masikio. Delmar alipaza sauti kutoka pale, na Velda akapunguza moto wa injini kila mara ili amsikie.

"Shusha bamba. Si hivyo. Kidogo."

"Hivi?"

"Hapo. Sasa nenda polepole, mama. Polepole kuliko unavyofikiri."

Akaenda. Bamba la kusawazishia lilikwangua nyuma yake kwa sauti ya kusaga meno. Alipopita mierezi Delmar hakumwona tena, akabaki kumsikiliza tu. Alisikia injini ikipanda na kushuka, mara sita, mara nane. Kwa saa tatu Velda alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu kiangazi. Mashimo yalijaa mbele ya macho yake. Makorongo yalifunikwa. Aliporudi juu, shavu lake lilikuwa na tope na alikuwa anacheka.

"Unaweza kuweka kikombe katikati na kisimwagike," alisema.

Uso wa Delmar ulibadilika. "Katikati pako juu kuliko pembeni?"

"Pako sawa. Si nimekwambia? Pote sawa."

"Na pembeni? Changarawe iliyozidi umeipeleka wapi?"

"Nimeiacha pembeni, imejipanga vizuri, kama tuta."

Barabara ya changarawe lazima iwe na mgongo, katikati pameinuka, ili maji yakimbilie pembeni na kuondoka. Mtu asiyejua huilaza kama meza, na akiipamba pembeni kwa matuta anakuwa amechimba mtaro. Delmar alijua hayo kama alivyojua jina lake, ndiyo maana hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu wa kuambiwa. Aliangalia mawingu upande wa magharibi. Kisha akamwangalia mkewe aliyekuwa bado anatabasamu.

"Umefanya vizuri," alimwambia.

Mvua ilianza wakati wa chakula cha jioni.

*

Asubuhi barabara ilikuwa kama mkondo wa mto. Maji yaliteremka katikati, kati ya matuta mawili ya Velda, yakachukua changarawe yote ya katikati hadi bondeni, na penye kalvati yalichimba shimo la kufika gotini. Velda alisimama juu yake na mwavuli, akalia kwa hasira, kisha akarudi nyumbani. Kendra angekuwa kwenye sanduku la barua saa nne.

Njia ilikuwa moja. Trekta lilikuwa na ndoo kubwa ya chuma mbele, ya kubebea samadi. Velda aliisugua kwa ufagio na maji ya moto, akatandika gunia, juu yake mto wa sebuleni. Akaishusha hadi chini mbele ya ngazi.

"Hapana," Delmar alisema.

"Ni dakika kumi."

"Velda, mimi si samadi."

"Ukibaki hapa utakuwa samadi kweli, tena karibuni. Kaa."

Alikaa. Velda alimfunga na kamba ya kufungia nyasi kiunoni, akamfunika blanketi, akainua ndoo futi moja tu na kuteremka naye akipitia nyasini kando ya barabara. Kichwa chake kilitikisika kwa kila jiwe. Kendra aliwapokea bila neno, akamsaidia kuingia garini, na kumpangusa tope kwenye kiatu kwa kitambaa chake mwenyewe. Kwa hilo Velda hakumsahau.

Kurudi ndiko kulikoharibu. Kendra alimleta saa tisa na nusu, Velda alikuwa anasubiri na trekta, na ndiyo kwanza Delmar afungwe kamba, basi la shule likasimama kwenye njia panda pale pale. Basi la shule likisimama na kuwasha taa zake nyekundu, kila gari lazima lisimame, mbele na nyuma, mpaka mtoto wa mwisho ashuke. Siku hiyo aliyeshuka alikuwa mmoja, na kamba ya kiatu ikamfunguka. Magari matatu yalisimama yakitazamana na ndoo ya samadi iliyokuwa na mzee ndani. La pili lilikuwa la Orrin Tackett.

Orrin aligeuza uso akatazama shamba la upande wa pili. Aliugeuza kwa heshima, kwa kuwa hakuna mwanamume ambaye angependa kuonwa vile. Delmar aliona ni dharau. Kule, hata adui yako ukipishana naye barabarani unamwinulia kidole kimoja kwenye usukani, na Orrin hakuinua kitu.

"Twende," Delmar alisema akiuma meno.

"Taa bado nyekundu, mzee."

"Twende, nimesema."

Walipofika nyumbani alijifungua kamba mwenyewe. Velda alimvua viatu.

"Sitapanda tena kitu kile," Delmar alisema.

"Jumatano tutaona."

"Jumatano hakuna cha kuona."

*

Jumatano ilipofika, Delmar alishika mikono ya kiti na hakubanduka. Velda alimsihi, akamtukana, akajaribu kumwinua kwa nguvu hadi wote wawili wakakaribia kuanguka. Saa nne na robo alimpigia Kendra simu kwamba aondoke. Halafu akatoa kwenye friza matufaha aliyoyahifadhi tangu Septemba, akaoka pai, akalivuka bonde kwa miguu akiwa ameibeba kwenye taulo.

Orrin alikuwa bandani anamlisha ndama kwa chupa. Alikuwa mtu mkubwa, aliyefiwa na mke, mwenye kauli chache. Aliiangalia pai.

"Hiyo ya nini?"

"Unajua ya nini."

"Aliyeniudhi si wewe, Velda."

"Anakufa, Orrin. Leo hakwenda."

Ndama alivuta chupa. Orrin alimwachia anyonye povu.

"Nimemtoa ng'ombe wake kwenye barafu," alisema. "Yeye kanijengea upya ghala nzima nilipounguliwa, na mwezi ule Joyce wangu amelala hospitali. Nani alimlipa nani? Halafu ananiwekea pesa chini ya jiwe. Kama kibarua wa kupita."

"Alikuwa anaona aibu."

"Na mimi nikaona."

"Basi njoo umwambie."

"Anipigie. Simu anayo. Aseme tu, Orrin, njoo. Maneno mawili, Velda, sitaki zaidi. Nitakuwa pale kabla hajaweka simu chini."

Velda aliweka pai juu ya pipa la unga wa ndama. "Na asipopiga?"

Orrin alifuta mikono kwenye suruali, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Atapiga," alisema.

Velda alirudi akamwekea mumewe simu mapajani. Akamwambia maneno mawili yale, akamtajia na namba, ingawa aliijua kwa kichwa. Delmar aliitazama simu hadi giza lilipoingia. Mara moja aliishika. Velda akiwa jikoni alijizuia hata kupumua. Kisha akasikia ikiwekwa mezani.

Nimekaa na watu wale miaka mingi, na bado sijui nilaumu nani zaidi. Wanaume wawili waliopendana, kati yao bonde la kuvuka kwa dakika ishirini, na kila mmoja amekaa kwake anasubiri simu. Upumbavu huo nimeuona pengine, lakini kule wanaulea kama mtoto.

*

Alhamisi asubuhi Velda aliamka akakuta kiti kitupu. Miguu ya Delmar ilikuwa imevimba usiku kucha na pumzi yake ilikuwa na sauti ya maji, kwa hiyo wazo lake la kwanza lilikuwa baya. La pili alilipata aliposikia trekta.

Delmar alikuwa ameweka kreti la maziwa chini ya ngazi ya trekta na kulipanda kwa mikono. Ilikuwa imemchukua karibu nusu saa. Alikuwa amekaa pale juu, rangi yake ya majivu, kofia ya masikio kichwani, na bamba lilikuwa limeinamishwa upande mmoja.

"Shuka," Velda alisema.

"Nipishe, mama."

"Delmar, shuka nikupigie gari la wagonjwa."

"Litapita wapi?" alimuuliza.

Velda alipisha.

Delmar alianza kwa kuvunja matuta ya pembeni, akairudisha changarawe ndani kidogo kidogo. Akapita tena, bamba limeinama upande wa pili. Kila baada ya kupita alisimama, akalaza paji la uso kwenye usukani, akapumua, akaendelea. Velda alitembea kando yake na koleo kama mtu anayesindikiza jeneza, akachukia kuwaza hivyo, na hakuweza kuacha. Lakini barabara ilikuwa inainuka. Katikati palikuwa panapata mgongo.

Sauti ya trekta lile ilivuka bonde. Orrin aliijua, na alijua pia kwamba Velda halimi namna ile. Alisimama bandani kwake akisikiliza injini ikisimama na kuanza, ikisimama na kuanza. Hakungoja simu tena. Karibu na adhuhuri trekta lake kubwa la kijani lilijitokeza kwenye sanduku la barua, ndoo imejaa kokoto za kwake, akaanza kulima kutoka chini.

Walikutana penye kalvati. Orrin alimwaga kokoto kwenye shimo, akazishindilia, akazima injini. Delmar naye akazima.

"Kalvati yako imeziba," Orrin alisema.

"Naiona."

Orrin aliteremka na koleo, akazibua majani na matope mpaka maji yakapita. Aliporudi juu alijifuta jasho, akasimama kando ya gurudumu la Delmar.

"Hukupiga," alisema.

"Hapana." Delmar alivuta pumzi. "Velda alikuletea pai."

"Nimeimaliza jana."

"Yote?"

"Yote."

Delmar alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Orrin akamshika mgongo mpaka kilipokwisha. Ndiyo radhi pekee iliyoombwa. Kisha Orrin alimbeba mikononi, mzee mzima na viatu vyake, akampandisha kilimani juu ya barabara mpya hadi kitini kwake. Delmar hakupinga.

Velda alimpigia Kendra. Leo hawana nafasi kwenye mashine, Kendra alisema, na kama hali ni mbaya ampeleke kwa gari la wagonjwa. Velda akamgeukia mumewe.

"Kesho," Delmar alisema. "Kesho napanda gari mlangoni kwangu kama mtu. Usiku mmoja tu, mama. Nikaangie viazi."

Viazi alikatazwa. Vina kitu kinachousimamisha moyo wa mtu asiye na figo, na karatasi ya daktari ilikuwa kwenye mlango wa friji, viazi juu kabisa. Velda alisimama mbele ya karatasi ile. Kisha akamenya vinne, akavikaanga kwa mafuta ya nguruwe na vitunguu. Delmar alikula sahani yote, akafuta kwa mkate.

"Umeuona mgongo wake?" alimuuliza.

"Nimeuona."

"Sasa inyeshe ikitaka."

*

Kendra alipanda Ijumaa saa nne kasoro bila kushika breki hata mara moja. "Bibi Velda, barabara imekuwa nzuri," alisema mlangoni akitabasamu, kabla hajauona uso wa Velda. Delmar alikuwa amekufa alfajiri, kitini, amevaa viatu vyake vizuri tayari kwa safari.

Siku ya maziko magari yalipanda hamsini na kitu. Watu walishuka na mabakuli yao ya maharage, nyama ya kuku na saladi, na kila aliyevuka kizingiti alitafuta la kumwambia mjane. Walisema Delmar alikuwa mtu mwema. Na kwa kuwa lilikuwa jambo la kweli na rahisi kulitamka, walisema barabara ni nzuri. Velda alijibu asante, asante, mpaka ikafika mahali akaingia chumbani akajifungia. Orrin alikuwa nje anaelekeza magari pa kuegesha.

Mvua kubwa ilirudi Aprili, na kesho yake Orrin alikuja na trekta lake bila kuitwa. Velda alimtazama dirishani. Barabara haikuwa imeharibika, ilihitaji kuguswa tu. Orrin aliendesha polepole, akiulinda mgongo ule. Alipofika kwenye kalvati alishuka na koleo.

Velda alifungua droo ya jikoni. Bahasha ilikuwa chini ya kamba na betri za zamani, noti tatu za dola ishirini ndani yake, bado imefungwa. Kuhusu viazi hakuwa amemwambia mtu yeyote, wala hakukusudia kumwambia. Lakini Jumatano ile alivuka bonde kwa miguu na pai mikononi, na Orrin akachagua kungoja simu. Hilo lilikuwa na mtu wa kulijibu. Aliteremka barabara nzima, akaokota jiwe, akaiweka bahasha juu ya kiti cha trekta na jiwe juu yake.

Orrin alipanda kutoka mtaroni akaiona. Alimwangalia Velda, koleo mkononi.

"Velda," alisema.

"Kazi nzuri, bwana Tackett."

Hakuwahi kumwita hivyo tangu wajuane. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye changarawe iliyolowa. Orrin alisimama pale, na Velda akamngojea aitupe bahasha ile mtaroni, au airudishe, au aseme neno lolote. Orrin aliondoa jiwe, akaliweka chini taratibu kando ya barabara. Akaitia bahasha kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

"Mvua ikinyesha tena nitakuja," alisema.

"Bei hiyo hiyo?"

Orrin alikwisha kukaa kitini, mkono kwenye ufunguo.

"Hiyo hiyo," alisema, akawasha trekta, na Velda akasogea kando apite.